Mgonjwa wa Jumatano

Jumamosi, 1 Machi

Ndugu Mratibu wa Mihadhara ya Jumatano,

Salaam. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa kadi, nyuma ya kitabu ninachorudisha. Kitabu chenyewe sijakisoma. Kinahusu ufugaji wa kuku, na mimi kuku namfahamu akiwa sahanini tu. Anayekuletea ni yule mzee wenu wa baiskeli, Breki, anayepeleka sanduku la vitabu kwa wagonjwa majumbani. Sasa hivi amekaa barazani anakunywa maji, ananitazama kama mtu anayekaribia kufa.

Mimi si mgonjwa. Naomba uanzie hapo.

Najua Jumatano uliona kiti changu cha mstari wa pili kitupu. Sababu ni hii. Mwezi wa kwanza nilimwambia mwanangu kwamba maktaba inatoa mihadhara ya watu wazima, bure, kila Jumatano saa nne asubuhi. Alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Mama, shule tena? Ukifaulu utaajiriwa wapi?" Mkwe wangu hakucheka, aliwatazama mapacha. Wana miaka miwili, na mimi ndiye ninayekaa nao. Basi nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikasema nasikia kizunguzungu, na kwamba daktari ameniandikia kliniki ya presha kila Jumatano. Hapo hakuna aliyecheka. Niliitiwa hata pikipiki.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini siku ya mhadhara wa madaraja nilirudi nimejaa, na mwanangu akauliza daktari kasema nini. Ulimi ukaniponza. Nikasema kasema nguzo ya zamani haionyeshi dalili, inabeba tu, inabeba, halafu siku moja inakatika, kwa hiyo lazima ikaguliwe kila wiki. Maneno ya yule injinia mstaafu, neno kwa neno! Kazi yangu miaka thelathini na minne ilikuwa kuandika maneno ya watu bila kupunguza. 

Wiki iliyopita katangaza: Mama hatoki tena, kliniki ni mbali, jua kali, atapumzika nyumbani. Geti limewekwa kufuli jipya. Ufunguo anao mkwe wangu, ambaye hufunga mikate kiwandani zamu ya usiku na mchana hulala nao chini ya mto. Simu yangu imechukuliwa kwa sababu eti mawazo hupandisha presha. Na huyo mwanangu ni fundi wa lifti! Hupigiwa simu akakimbie kuwatoa watu waliokwama. Yeye ndiye aliyenijazia fomu ya hili sanduku lenu. Sijui nani alimwambia kuna huduma hiyo, labda jirani.

Sasa nisikilize. Siku ya kwanza jina langu liliokotwa kwenye bakuli. Mhadhara wa kumi, ule wa msikilizaji, ni wangu, tarehe tisa Aprili. Nimepiga taipu mahakamani maisha yangu yote ya kazi. Nimeandika maneno ya mahakimu, ya mawakili, ya wezi na ya wajane. Langu halijawahi kuandikwa hata moja, wala kusikilizwa na chumba kizima. Nautaka mhadhara huo, Mratibu mwanangu. Nisaidie.

Mama Taipu


Alhamisi, 6 Machi

Mama Taipu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na kitabu cha kuku pia. Nimeratibu mihadhara hii miaka sita. Nimepokea udhuru wa misiba, wa mvua, na wa mtu mmoja aliyesema mbwa wa jirani hampendi. Udhuru wa kufungiwa kwa ugonjwa wa kujitungia ni wa kwanza.

Nimekuambatishia muhtasari wa jana. Fundi bomba alizungumzia mabomba yaliyo chini ya mji. Alisema bomba likivuja chini kabisa halisikiki. Utagundua tu pale nyasi zitakapokuwa kijani kuliko za jirani. Watu walipiga makofi, naye akaona haya akasahau nusu ya mhadhara.

Kuhusu tarehe tisa Aprili, ni wajibu wangu kukukumbusha utaratibu wa kamati. Msikilizaji aliyeokotwa hutoa mhadhara mwenyewe, kwa mdomo wake. Asipofika hadi saa nne na nusu, ukumbi unafungwa na msimu unaishia hapo, na jina lake haliingii tena kwenye bakuli. Hatujawahi kumbadilishia mtu siku. Tukianza na mmoja, hatutamaliza.

Kama hutakasirika, nikushauri: mwambie mwanao ukweli.

Wako katika utumishi,
Mratibu


Jumamosi, 8 Machi

Mratibu mwanangu,

Marahaba. Nimekasirika.

Mwambie ukweli! Unajua nilimchapa kijana huyu akiwa na miaka tisa kwa sababu alisema anakwenda shule, kumbe alikwenda kuogelea? Nilimchapa huku nahubiri. Nikamwambia mimi kila siku naandika viapo vya watu, na nyumbani kwangu hakuna mwongo atakayelala. Leo nimwambie nini? Kwamba mama yake amedanganya Jumatano tatu mfululizo, na kwamba yeye alikwenda mtoni na mimi nilikwenda kwenye madaraja? Aibu hiyo siiwezi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake, nimeegemea ukuta.

Na wema wao, Mratibu, ndio unaoniua. Wangekuwa wakali ningepiga kelele. Amenunua kipimo cha presha. Kila asubuhi kabla hajatoka ananifunga ule mkanda mkononi, anasoma namba kwa sauti ya msibani. Chakula changu hakina chumvi, nakula kama natafuna karatasi. Nikienda hadi getini kuangalia watu wakipita, mkwe wangu anatokea macho mekundu ya usingizi, anasema, "Mama, jua hilo." Jana nilisimama pale nusu saa nikitazama kufuli. Hata wafungwa niliowaandika walikuwa wanajua tarehe yao ya kutoka.

Nauandika mhadhara wangu watoto wakilala mchana. Wanalala dakika arobaini, wakiamka wananivuta gauni, nafunga daftari. Unaitwa "Yasiyoandikwa." Mahakamani, mtu akilia, huandiki. Akinyamaza, unaandika "hakujibu." Kulikuwa na mwanamke mmoja, miaka ishirini na miwili iliyopita. Aliulizwa kama alikaa kwenye nyumba iliyotajwa kesini kwa hiari yake. Hakusema kitu, lakini alilaza mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kitupu, kama mtu asiyekuwa na chaguo, hivi, mbele ya watu wote. Hakimu akasema, "Andika hakujibu." Nikaandika. Alishindwa kesi. Mimi nilikuwa na macho, niliona alichojibu, na vidole vyangu vikaandika hakujibu.

Hilo ndilo nataka kulisema nikiwa nimesimama. Nitatafuta siku nzuri ya kuongea na mwanangu. Nipe muda.

Mama Taipu


Alhamisi, 20 Machi

Mama Taipu,

Shikamoo. Jumamosi iliyopita Breki alirudi bila barua yako, akasema ulimpa kitabu bila kumtazama. Nimekaa na wasiwasi. Nimeonelea niandike kwa urefu, ingawa si kawaida yangu.

Nadhani tunalifanya jambo hili liwe zito kuliko lilivyo. Mwanao si mtu wa kuogopwa. Nilipata nafasi ya kuzungumza naye kidogo tarehe kumi na mbili Februari, wakati wa mhadhara wa pili. Alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, hadi mwisho. Nilimkaribisha kiti akakataa kwa adabu. Akaomba ratiba ya msimu mzima, nikampa. Alirudi tena tarehe ishirini na nne, siku mbili kabla hujaanza kukosekana, akachukua fomu ya sanduku la vitabu. Aliijaza papo hapo mezani kwangu.

Kusema kweli nilidhani ndiye aliyekutia moyo uje. Kwa hiyo nauliza: hatuwezi kumwomba tu akulete siku hiyo moja?

Wako,
Mratibu


Jumamosi, 22 Machi

Mratibu,

Soma tena ulichoniandikia. Mimi nimesoma mara nne, ya mwisho nimesimama.

Kwa hiyo alijua! Alijua nilipokuwa navaa viatu na kujishika kiuno kwa maigizo. Anajua kila asubuhi anaponifunga ule mkanda. Mia ishirini na nne kwa themanini, Mratibu. Vijana wa miaka ishirini hawana presha nzuri kiasi hicho, naye anatikisa kichwa anasema, "Unaona Mama, kupumzika kunasaidia." Nilidhani mimi ndiye ninayemdanganya. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, yeye akaleta mfuniko.

Ratiba yenu anayo. Ndiyo maana Alhamisi kaniambia, "Tarehe tisa Aprili, Mama, nitakuwa na kazi kubwa jengo la ghorofa kumi na mbili, usipange lolote." Nisipange! Mgonjwa apange nini?

Utasema nimkabili. Nikimwambia najua, atasema na mimi najua. Halafu? Tutakuwa waongo wawili mezani, na watoto wakilia ni mimi nitakayeinuka. Siwezi hata kuwakasirikia, wananiita Bibi-Bibi kama jina la wimbo. Hakuna aliyenivuta kuja hapa. Walipozaliwa nilikuja mwenyewe na sanduku langu, nacheka njia nzima.

Nina hasira hadi mwandiko umepinda. Nisamehe.

Mama Taipu


Alhamisi, 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimejuta kuandika barua ile, kisha nimejuta kujuta, kwa sababu ni haki yako kujua. Sijalala vizuri.

Jambo moja sikuliandika, na sitakuficha. Siku ile ulinyoosha mkono kuuliza swali kuhusu chumvi ya udongo. Mwanao alinigusa bega akasema, "Yule ni mama yangu." Alikuwa anatabasamu. Mtu aliyetabasamu vile hakuja kukukamata. Kati ya siku ile na kufuli kuna kitu kilitokea, na mimi sikijui.

Nimezungumza na mwenyekiti wa kamati, yule seremala. Amekubali jambo ambalo hatujawahi kukubali: ukinitumia mhadhara wako, nitausoma mimi ukumbini, neno kwa neno, na jina lako litatajwa. Nitajitahidi kuusoma vizuri. Tafadhali ukubali. Ni kheri nusu shari kuliko shari kamili.

Mratibu


Jumamosi, 29 Machi

Mratibu mwanangu,

Umefikiri vizuri na moyo wako ni mwema, lakini jibu ni hapana. Miaka thelathini na minne nilikaa mezani nikitoa karatasi ili mtu mwingine asimame aisome. Nikikutumia hii nawe ukaisoma, nimerudi mezani kwangu. Afadhali isisomwe.

Ila barua yako imenifanya nicheke, na sijacheka wiki nzima. Unaniandikia "kheri nusu shari," na Breki huko nje ananiuliza, "Mama, leo umeamkaje, wageni wa kukuona wamekuja?" Nikamwambia hajaja hata mmoja. Akasikitika kwelikweli. Akasema, "Mgonjwa wa mwezi mzima asitembelewe? Watu wamekuwaje?"

Nikakaa chini.

Mimi si mgonjwa, Mratibu? Kila geti la mtaa huu linajua. Mwanangu mwenyewe kawaambia majirani. Basi mgonjwa hutembelewa! Mtu akitaka kwenda mhadharani anaulizwa anakwenda kutafuta nini. Lakini nani atawafungia mlango watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa? Hata adui hafanyi hivyo.

Njooni tarehe tisa, saa nne. Wote. Mje na kile mnachompelekea mgonjwa, na nyuso za huzuni hadi mvuke geti. Fundi bomba asicheke, namjua. Mwanangu atakuwa kazini. Mkwe wangu atakuwa amelala, na ufunguo uko kwake. Hapo ndipo pagumu, maana yeye ni mtu wa maneno machache na sijui moyoni ana nini. Akiwakatalia, rudini kimya, msimtie aibu. Mimi nitakuwa nimejaribu.

Sebule ni ndogo. Wazee wakae, vijana wasimame.

Mama Taipu


Alhamisi, 3 Aprili

Mama Taipu,

Shikamoo. Watu thelathini na wanane wamejiandikisha kukuona mgonjwa. Ni wengi kuliko waliokuja kwenye mhadhara wowote wa msimu huu.

Niliogopa kamati ingekataa kwa kuwa si ukumbini. Seremala alijibu kwamba mhadhara ni mhadhara hata ukitolewa jikoni, akajitolea kubeba mabenchi mawili na mkokoteni. Akiulizwa atasema ni ya kukalia wanaomwombea mgonjwa. Injinia wa madaraja analeta machungwa. Fundi bomba amekuwa akifanya mazoezi ya kusikitika mbele yetu, na ni kweli, hawezi. Tutamweka nyuma.

Mimi sijawahi kuvunja utaratibu maishani.  Nitakuwa wa kwanza getini.

Mratibu


Jumamosi, 12 Aprili

Mratibu mwanangu,

Ulikuwepo, lakini uliondoka na wenzako, na yaliyofuata huyajui. Nitakuandikia yote, nitaanza na yale uliyoyaona nusu.

Mlipogonga nilikuwa nimejilaza kwenye kochi na kanga hadi kidevuni, moyo unanienda mbio. Siku hiyo kipimo kingesema ukweli. Nilimsikia mkwe wangu akitoka, ndala zake zikiburuza. Nikamsikia mwenyekiti akisema, "Tumekuja kumjulia hali mama."  Mratibu, wewe ulikuwa unatazamana naye, mimi nilikuwa natazama dari. Nikajisemea, imekwisha. Halafu kufuli likalia.

Aliingia mbele yenu. Aliwachukua mapacha mmoja huku mmoja kule, akaenda nao jikoni. Mlango akauacha wazi.

Sasa unajua mimi nilivyosimama.  Nilipowaambia habari ya yule mwanamke na mkono wake mezani, niliulaza wangu hivyohivyo mwone, nikashindwa kuunyanyua tena kwa muda. Mlinisubiri.  Sikujua kwamba chumba cha watu kinaweza kumsubiri mtu hivyo.

Na hapo ndipo mwanangu alipoingia. Mlidhani nini? Mimi nilidhani amekuja kunikamata. Kumbe jirani alimpigia simu: "Nyumbani kwako kumejaa watu, wamebeba mabenchi." Watu na mabenchi nyumbani kwa mgonjwa! Aliacha lifti wazi ghorofa ya saba akapanda pikipiki bila kofia. Mtu aliyejua vizuri kuliko wote kwamba siumwi aliamini njia nzima kwamba nimekufa. Mlimwona alivyosimama pale, mkanda wa vifaa umemlegea kiunoni, anasema "Mama, Mama," kama mtoto aliyepotea sokoni. Alilia mbele ya watu thelathini na wanane. Mimi sikumkimbilia. Nilitaka, lakini nilikuwa nimebakiza maneno. Nikawaambia, "Hiki mnachokiona, hiki nacho hakiandikwi." Nikamaliza mhadhara wangu nikiwa namtazama yeye.

Mlipoondoka na mabenchi yenu, alikaa sakafuni, si kwenye kiti. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Nilikufuata, nikidhani kweli unaumwa. Nikakuta unauliza maswali. Mama, nilifurahi. Nilikusudia nikuambie uache kuigiza kizunguzungu, unaigiza vibaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama jikoni, akashusha sauti. Jumatano ninazotoka, mkewe hutoka zamu asubuhi na halali, anabaki na watoto, na jioni anarudi kazini. Usiku wa Jumatano ile ya tatu alisinzia mbele ya mashine ya kukatia mikate. Mwenzake alimvuta kwa nguo. Ilibaki kidogo vidole viende. Mimi sikuambiwa. Niliambiwa tu kwamba ana mafua.

"Ningefanyaje?" akasema. "Nikuambie usiende mihadharani, baada ya kukucheka? Nikuambie ni wewe au vidole vyake? Wewe ulikuwa umeshasema unaumwa. Nikaona ugonjwa useme badala yangu."

Nilikuwa na maneno makali, Mratibu, nimeyapanga wiki tatu. Yote yakapotea. Nikamwambia, "Ungeniambia ukweli." Naye akajibu, bila kejeli, "Na wewe." 

Halafu akasema lile ambalo sina jibu lake hadi leo: "Nimekosa, Mama. Ufunguo huu hapa, uchukue. Lakini Jumatano watoto watakaa na nani?"

Ufunguo uko mezani. Siku tatu sasa tunaupisha tukiweka sahani. Kila ninaponyoosha mkono naiona ile mashine. Nimekwisha kusema niliyotaka kusema, nimesikilizwa, nashukuru hadi mwisho wa uhai wangu. Nikae tu sasa. Msimu ujao mwite mwingine.

Chumvi wamenirudishia.

Mama Taipu


Jumatatu, 14 Aprili

Kwa Mratibu,

Shikamoo. Hunifahamu, ila tuliwahi kutazamana. Mimi ndiye niliyewafungulia geti. Mama mkwe wangu hajui kwamba naandika. Barua yake ya Jumamosi nimeisoma kabla Breki hajaichukua. Najua si vizuri. Nimeishi katika nyumba hii karibu miezi miwili nikilalia ufunguo ambao hakuna aliyeniuliza kama nataka kuulalia, basi nimejipa ruhusa ya barua moja.

Habari ya vidole ni kweli. Lakini mume wangu hakuniambia kwamba amemfungia mama kwa ajili ya vidole vyangu. Kwangu alisema ni presha. Mimi nikawa namwambia "Mama, jua hilo" kwa dhati kabisa, namnyima chumvi kwa dhati kabisa. Nilijua kwamba haumwi siku mliyokuja. Mliposema mmekuja kumjulia hali, niliona daftari la mahudhurio kwapani mwako. Mtu haendi kwa mgonjwa na daftari la mahudhurio. Nilisimama pale nikifikiria nifunge nikalale, maana nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Halafu nikamsikia ndani anakohoa kikohozi cha uongo. Nikajiuliza huyu mama anataka nini, hadi afanye yote haya?

Nimesikiliza mhadhara mzima mlangoni pa jikoni, watoto wakinivuta masikio. Alipolaza mkono mezani nililia, na sikulia kwa ajili yake.

Jana nimekaa na mume wangu. Nimemwambia: umeuliza watoto watakaa na nani, ukamtazama mama, ukanitazama mimi. Hukujitazama.  Ameomba abadilishane na mwenzake: Jumapili ataingia kazini, Jumatano atakaa na mapacha. Amelalamika, atazoea. Nami siku hiyo nitalala. Ufunguo nimeuweka mwenyewe kwenye mkoba wa mama, chini ya miwani. Atauona kesho akitafuta miwani.

Kwa hiyo usimwandikie mtu mwingine. Kiti chake cha mstari wa pili kiwekwe.

Na kingine, ndicho hasa kilichonifanya niandike. Niliacha masomo nikiwa kidato cha pili. Natoka kiwandani alfajiri, naingia jioni, katikati nalala au nafua. Nasikia msimu ujao mtazungumzia nyota. Naomba uniandike jina, Jumatano moja kati ya mbili; nyingine nitalala. Kazini nikiulizwa nakwenda wapi, nitasema nakwenda kusikiliza habari za nyota, wacheke. Nina miaka thelathini na mmoja. Sitaki kusubiri nizeeke ndipo nianze kuugua.

Mkwe wa Mama Taipu